Mkanda Usiouma

Kijiwe chenyewe kiko Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, pale barabara inapokata kona kushuka mjini, kati ya cherehani ya Faruku na gereji ya Gozbert. Ni benchi moja refu la mbao, jiko la mkaa, birika jeusi na vikombe vidogo visivyo na mikono. Faruku ndiye mpika kahawa. Asubuhi anashona suruali za watu, alasiri anaiacha cherehani na kuwasha jiko. Hapo kijiweni anaitwa Sindano. Gozbert, fundi pikipiki, anaitwa Injinia, na cheo hicho kajipa mwenyewe. Mzee Datius ni karani mstaafu wa chama cha kahawa. Yeye ni Profesa, kwa kuwa hajawahi kuulizwa jambo akasema halijui. Wa nne ni Twaibu, mdogo kuliko wote watatu, anayeitwa Rubani kwa sababu ndiye mtu pekee wa mtaa ule aliyewahi kuruka juu bila kukata tiketi ya ndege.

Alasiri hiyo Twaibu alifika akiburuta begi kubwa. Aliketi polepole, mkono mmoja kwenye benchi, mwingine kwenye goti, na akatabasamu ili wasiangalie anavyoketi.

— Umetuletea nini, Rubani? Senene?

— Mikanda. Uledi, mwenzangu wa kazi kule Paje, kanitumia kwa boti na basi kutoka Zanzibar. Nichague usioniumiza, mwingine nimrudishie.

— Mikanda ya suruali? Si ungeniambia mimi?

— Ya kaiti, Sindano.

Akaitoa na kuilaza juu ya benchi. Wa kwanza ulikuwa mpana na mgumu, wa kufungwa kiunoni. Wa pili ulikuwa kama kaptula isiyo na kitambaa, wenye kamba za kupita kwenye mapaja na kikalio cha kubeba makalio. Kila mmoja ulikuwa na chuma mbele, na kwenye chuma ndoano.

Aliwaeleza tena kaiti ni nini, maana kila mara walikuwa wakisahau. Ni tiara kubwa ya kitambaa, pana kama paa la banda, inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini. Mikono haiwezi kuishikilia. Nguvu yote ya upepo inakuja kwenye ndoano, na ndoano inaupeleka mzigo mgongoni. Miaka yote ya Paje alifundisha watalii mchezo huo, akiwa amevaa mikanda ambayo watalii wenyewe waliichoka na kuiacha. Siku aliyoumia alikuwa na mkanda wa mzungu mmoja mnene. Upepo ulimnyanyua, mkanda ukapanda hadi mbavuni, ukamkunja, ukambwaga kwenye maji yanayofika magotini. Tajiri wake wa Paje alimpeleka zahanati, akamwachia vidonge vya maumivu, na kesho yake kijana mwingine alisimama ufukweni mahali pake. Uledi ndiye aliyempakia kwenye boti ili akapande basi la kurudi Bukoba.

— Na huyu tajiri wa Muleba anayekuita? aliuliza Gozbert.

— Anafungua kambi ya watalii ufukweni kule. Anataka mwalimu. Jumamosi anakuja kunitazama nikiwa majini.

— Basi Jumamosi ndiyo keshokutwa! Leta hapa tuchague.

Twaibu alikuwa ameshajua mkanda gani anautaka. Alikuja kijiweni kwa sababu nyumbani mkewe Salma alimtazama akijaribu kuuvaa, akakaa kimya, na kimya kile hakukiweza. Hapa angalau watu walipiga kelele.

Faruku ndiye aliyeanza. Aliubonyeza mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba, akaunusa, akaukunja.

— Tatizo ni ugumu. Huu ni kama kumfunga mtu ubao. Niachie leo, nifumue hapa, nijaze sponji ya godoro, nishone upya. Utalala humo.

— Ukiweka sponji utapanda zaidi, alisema Twaibu. Wa kiunoni kazi yake kubana. Ukilegea unakimbilia mbavuni.

— Ndiyo nasema, huu wa kaptula! Gozbert alidakia. Mzigo umeshuka chini, kwenye makalio na mapaja. Mgongo unabaki abiria tu. Pikipiki isiyo na shokapu inavunja kiuno cha nani? Cha dereva. Huu una shokapu.

— Shokapu ziko wapi?

— Makalio, Sindano. Mungu aliweka shokapu huko.

Wakacheka. Twaibu naye akacheka, kwa kuwa Gozbert alikuwa amesema kweli kwa njia yake ya kipumbavu. Hata Uledi alimwambia hivyo kwenye simu: mwenye mgongo mbovu avae wa kukalia, uvutaji uje chini, nyonga zibebe.

Mzee Datius alikuwa bado hajasema. Alitafuna punje za kahawa alizozoea kubeba mfukoni, akatema ganda, na benchi zima likamsubiri.

— Nyote mnaangalia mkanda, alisema. Tazameni mgonjwa. Uti wa mgongo ni mgomba. Mgomba wenye mkungu mzito unaufanyaje? Unauwekea nguzo. Huyu kijana avae mkanda wa kiunoni, na nyuma mumchomekee gongo la mti wa mkaratusi, kuanzia hapa kwenye shingo mpaka hapa.

— Aende majini na gogo mgongoni, Mzee?

— Gogo linaelea. Akizama, litamleta juu.

— Mawe, mama yangu! Faruku alijishika kichwa. Na ubao je? Mtu mmoja mbao mbili?

— Na tena, Mzee Datius aliendelea, sasa akiwa amenoga, maumivu yake si ya kuvunjika. Ni chumvi. Miaka yote ile baharini, chumvi imeingia kwenye maungio. Ziwa letu ni maji baridi. Akiingia mara moja, mbili, chumvi inayeyuka, na hapo mkanda wowote utamfaa.

— Kama ni chumvi, basi avae yote miwili, alisema Faruku. Wa kukalia ndani, wa kiunoni juu. Mmoja ukikosea, mwingine unarekebisha.

— Na ndoano mbili?

— Moja ya kaiti. Nyingine atundikie kikapu cha samaki!

Twaibu alikunywa kahawa yake na kuitazama midomo yao. Aliwapenda. Lakini kadiri walivyozidi kunoga ndivyo hamu ya kucheka ilivyozidi kumwisha, kwa kuwa mgongo waliokuwa wakiuchezea ulikuwa wake, na Jumamosi haikuwa mzaha. Kule Paje hakuna aliyewahi kumuuliza mkanda unamkaaje. Hapa wanaume watatu walikuwa wakibishana juu yake tangu afike, na bado alijiona kama hayupo.

— Basi nipimeni, alisema kwa sauti kali kuliko alivyokusudia. Maneno hayapimi mkanda. Injinia, ile winchi yako ya kuinulia injini inabeba mtu?

Gozbert akasimama na macho yake yakang'aa.

— Inabeba injini ya Fuso, itashindwa na wewe?

Walihamia kwenye gereji, hatua chache tu, Faruku akiliacha birika jikoni. Ndani kulikuwa na boriti nene iliyoning'iniza mnyororo, na chini yake pikipiki moja ambayo Gozbert alikuwa ameijaribu dakika chache tu kabla ya Twaibu kufika, mpaka Kyakailabwa na kurudi. Alitaka kuisogeza. Mzee Datius akamwambia aiache, Rubani akishuka apate pa kukanyaga.

Twaibu alivua ndala, akaingiza miguu kwenye kamba za mkanda wa kukalia. Kuinama kulimtoa jasho. Faruku alipiga magoti akamfunga mapajani kama anavyompima mteja suruali. Gozbert akapachika mnyororo kwenye ndoano, akavuta. Mnyororo ukalia. Miguu ya Twaibu ikaacha ardhi.

Alifumba macho akingojea maumivu yale ya kisu kiunoni. Hayakuja. Alikuwa ameketi hewani, mzito na mwepesi kwa pamoja, na mgongo wake, uliomnyima usingizi tangu arudi, ulikuwa umetulia. Kwa muda aliona maji ya kijani ya Paje chini yake na kaiti nyekundu juu. Akacheka, cheko la kweli safari hii.

— Vipi? aliuliza Gozbert. Unauma?

— Hauumi!

— Hata kidogo?

— Sisikii kitu, jamani! Sisikii kitu kabisa!

Walishangilia. Gozbert alimpigapiga Faruku begani akimwambia nilisema mimi, shokapu. Mzee Datius alisema ni ule mwanzo wa chumvi kuyeyuka. Wakaanza kubishana ni nani aliyekuwa wa kwanza kuuchagua mkanda huo, na mabishano yakawa makali kuliko yale ya benchi, huku Twaibu akining'inia juu ya pikipiki.

— Sindano, kahawa yako inaungua, alisema Mzee Datius.

— Haiungui. Nimejaza maji.

— Kuna kitu kinaungua. Nasikia harufu.

— Labda mkaa una manyoya ya kuku.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia ya pikipiki. Alikuwa Clotilda kutoka Buganguzi, aliyekuja kuichukua pikipiki ya mumewe. Alimtazama aliye juu, akawatazama walio chini.

— Waitu, ndugu zangu, samahanini, alisema. Mbona mguu wa huyu baba unaungua na yeye anacheka?

Gozbert ndiye aliyeangalia kwanza. Unyayo wa kushoto wa Twaibu ulikuwa umetulia juu ya bomba la ekzosi, umetulia vizuri kabisa, kama mguu wa mtu aliyeuegemeza kwenye kigoda. Kamoshi kembamba kalikuwa kanapanda pembeni yake. Gozbert akapiga kelele, akaisukuma pikipiki ikaanguka, na ngozi ikabaki kwenye chuma.

Twaibu alikuwa wa mwisho kutazama. Aliuangalia mguu ule kama mtu anayeangalia kitu kilichoanguka kwa jirani.

— Hukusikia? aliuliza Faruku.

— Sikusikia.

— Hata joto?

— Nimekwambia sikusikia.

Wakamshusha. Kifungo cha mapajani kilikuwa kimekaza kwa uzito, wakakihangaikia, na mwishowe Faruku akaenda kuchukua mkasi wake mkubwa, akaikata kamba ya mkanda. Clotilda alikuwa ameshaleta ndoo ya maji na kuutumbukiza mguu humo, bila kumuuliza mtu.

— Uko hivi tangu lini? aliuliza Gozbert kwa sauti ndogo.

— Vidole vilianza kule kule. Nikadhani ni vidonge. Halafu unyayo. Sasa ganzi imefika hapa. Alijigusa chini ya goti.

— Na ulitaka kusimama kwenye ubao Jumamosi.

— Nilitaka kazi.

— Salma anajua?

— Salma anajua kwamba Jumamosi nakwenda Muleba.

Mzee Datius alifungua mdomo. Wote walimtazama, naye akaufunga, akatoka akaanza kukusanya vikombe benchini ingawa havikuwa vyake.

Clotilda aliisimamisha pikipiki ya mumewe, akampa Gozbert kofia.

— Mpelekeni hospitali kwanza. Mimi nitasubiri hapa. Nyumbani wataelewa.

Walimpandisha katikati, Gozbert mbele, Faruku nyuma amemkumbatia ili asiteleze. Daktari hakuanza na jeraha. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, akamwambia afumbe macho na ataje ni kidole gani kinachoguswa. Twaibu alitaja vyote vibaya. Diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake, daktari alisema, inaubana mshipa wa fahamu, na imeubana muda mrefu. Atapewa rufaa ya Mwanza. Mguu unaweza kurudi, unaweza usirudi. Angekuja mapema, angemjibu vingine. Faruku aliuliza, kwa kutojua aulize nini, mgonjwa wa namna hii anafaa mkanda gani. Daktari aliacha kuandika.

— Mkanda wa nini? alisema.

Usiku huo Twaibu alimweleza Salma yote. Salma hakulia wala hakumlaumu. Aliuchukua mguu uliofungwa bandeji, akauweka mapajani mwake, akaushika kwa muda mrefu. Twaibu alimwona ameushika. Ndivyo alivyojua kwamba umeshikwa.

Jumamosi alikuwa kijiweni, kwenye benchi, na fimbo. Kahawa ilikuwepo lakini hakuna aliyekuwa na hoja. Simu ikaita. Alikuwa yule tajiri wa Muleba, yuko ufukweni, upepo umeamka vizuri, mwalimu yuko wapi?

— Sitakuja, bosi. Mgongo umekataa. Mtafute mwingine.

Akasikiliza kidogo.

— Ndiyo, naelewa. Lakini bosi, nisikilize. Huyo utakayempata, kabla hujampa mkanda, muulize kwanza kama ana mahali panapomuuma. Muulize unamkaaje. Usimpe tu ulioachwa na...

Simu ilikuwa imeshakatwa. Twaibu aliendelea kuishikilia sikioni, akitikisa kichwa kana kwamba bado anaambiwa kitu, kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama.