Kochi la Gavana

Kijiwe chetu kipo kona ya Narung'ombe na Sikukuu, kwenye kivuli cha duka lililofungwa tangu lilipoishiwa vitu vya kuuza. Mwaka ule wa themanini na moja, vijiwe vingine vyote vya Kariakoo vilikuwa na mabenchi ya misumari iliyochomoza. Sisi tulikuwa na kochi: viti viwili vya ngozi nyekundu vilivyofungwa juu ya ubao wa mninga, laini mpaka mtu akikaa anasahau kwamba nyumbani hakuna sabuni. Aliyetuletea, miaka minne nyuma, ni Bakili, fundi magari wa Gerezani tunayemwita Spana, na alituapia kuwa lilikuwa kochi la Gavana wa mwisho wa Kiingereza. Kiti cha kulia kilikuwa cha Mzee Mwinyimvua, Balozi wetu wa nyumba kumi. Ubavuni kilikuwa na mkono mdogo wa chuma; ukiuvuta, kiti kinateleza mbele au nyuma, na Balozi alitueleza kuwa Gavana aliutumia kuisogelea chai. Cha kushoto kilikuwa cha anayewahi. Waliobaki tulikaa kwenye ubao mkavu pembeni. Mimi ni fundi saa, wananiita Majira, na juu ya meza yangu palining'inia saa ya duara isiyotembea, nayo niliipata kwa Spana.

Alhamisi moja, baada ya alasiri, aliyewahi kiti cha kushoto ni Filbert kinyozi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Hakungoja hata kikombe cha kwanza.

— Mmesikia? Mangi kanunua gari.

— Mangi yupi? — aliuliza Balozi.

— Mangi wetu, Severine.

Tukaugeukia mwisho wa ubao, mahali anapokaa Mangi kila jioni. Hakuwepo. Severine ni Mchaga wa Kibosho, ana duka la vitenge Mtaa wa Sikukuu, vitenge vikipatikana. Hana maneno mengi. Huja, husalimia, hukaa pale mwisho ambapo ubao umepinda, na huondoka wa mwisho.

— Yuko kwenye foleni ya petroli tangu alfajiri, — alisema Redio. — Na gari lenyewe si pikapu ya kubebea mzigo, msidhani. Ni lile la daktari wa meno wa Upanga, yule Mgoa anayehamia Kanada. Lile la kijani lisilo na paa. Gari la michezo!

— Michezo gani? Mpira?

— Mbio, Balozi.

— Mbio za kwenda wapi? Petroli ya wiki nzima inakufikisha Magomeni, kurudi kwa miguu.

— Na Jumapili kuanzia saa nane mchana gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani, — niliongeza.

— Ndiyo maana kachukua la mbio, — alisema Redio. — Anatoka kanisani saa nane kasoro dakika mbili, saa nane kamili yuko kitandani kwake.

Tukacheka. Sefu, muuza kahawa wetu, akagonga vikombe vyake kutusindikiza.

— Kwa upande wangu, — alisema Balozi, akijiweka sawa kitini, — rangi ni ya Chama. Siwezi kulipinga hadharani. Ila ubepari wake nimeuona.

— Ubepari gani, Balozi? — alisema Redio. — Ni la harusi. Jumamosi anamwoza binti yake, Evarista, kanisani Msimbazi. Mnajua hadithi yake? Huyo Evarista alipokuwa na miaka sita aling'olewa jino kwa yule daktari. Akalia mpaka wagonjwa wengine wakakimbia. Daktari akamtoa nje, akamkalisha kwenye lile gari, mtoto kimya. Mangi naye, kwa furaha, akaropoka: "Usilie, siku ya harusi yako baba atakupeleka kanisani na hili." Haya, mtoto kakua, na jambo hilo hajalisahau.

— Mimi nilimwahidi wangu ndege, — alisema Sefu. — Alipokua nikampa nanasi.

— Sasa sikilizeni utamu wenyewe. — Redio alishusha sauti, na kwake hiyo ni dalili ya uongo au ya ukweli mkubwa. — Nimekwenda kulichungulia. Halina viti!

— Halina viti vipi?

— Halina! Kuna viti viwili vya chuma vya shule, vimekatwa miguu, vimefungwa kwa kamba ya katani. Bibi harusi atakwenda kufunga ndoa amekaa kama mtoto wa darasa la pili.

Hapo tulicheka mpaka Sefu akamwaga kahawa. Spana peke yake hakucheka. Alikuwa amezamisha uso kikombeni, na vikombe vya kahawa ni vidogo, hata pua haitoshi.

— Spana, — alisema Balozi, — si wewe uliyekuwa unalitengeneza gari hilo?

— Miaka kumi na miwili.

— Na viti?

— Vipuri vilikuwa adimu, Balozi.

— Kiti nacho ni kipuri?

— Kila kitu ni kipuri kikiwa hakipo.

— Na vingine? Tutajie Mangi alichonunua, tumpongeze.

Spana akahesabu kwa vidole, kwa shida. Radieta ilikuwa ya trekta. Taa moja ya Land Rover, nyingine ya pikipiki. Kwenye mpini wa gia, pale juu pa kushikia, palikuwa na kitasa cha kabati. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kile cha kujipakia poda.

— Na pale mbele, penye saa, pana tundu tu, — alimalizia.

Mimi nikainama chini ya meza yangu kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

— Na yule daktari alikuwa anaridhika? — aliuliza Balozi.

— Alikuwa muungwana sana. Kila nikimwambia kitu hakipatikani alisema, "Nchi inajenga ujamaa, Bakili, tuvumilie." Akakaa kwenye kiti cha shule, akaenda zake kazini.

— Mjinga yule, — alisema Redio.

— Mjinga? — Sefu alitikisa kichwa. — Daktari wa meno hawi mjinga. Viti kavitoa mwenyewe! Miaka ishirini anang'oa meno. Mangapi yalikuwa ya dhahabu? Yako wapi? Kayashonea humo kwenye viti, viti vimetangulia Kanada kwa meli, yeye anafuata kwa ndege.

Tukaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Ilikuwa hoja nzito.

— Dhahabu ya miaka ishirini, — alisema Balozi taratibu. — Kiti kimoja cha namna hiyo kingeinunua Kariakoo yote na soko lake.

— Na Ilala, — alisema Redio.

— Na Ilala, bila chenji. — Balozi alirukaruka kidogo juu ya ngozi nyekundu. — Lakini mimi naona mbali zaidi. Haya magari yanatengenezwa chini makusudi, bila viti, yauzwe Afrika. Kiongozi wetu akipanda anaonekana kichwa tu. Wanapiga picha, wanapeleka Umoja wa Mataifa, wanasema tazameni hawa, hawajakua, tuliwaachia mapema.

Alisisitiza kwa kugonga fimbo. Fimbo ya Balozi inajulikana mpaka Jangwani. Kichwani ilikuwa na tufe la mti uliong'arishwa, limechorwa namba moja mpaka nne na herufi R. Alilipata kwa Spana pia, naye alitueleza bila kuulizwa kwamba zile namba ni wake zake wanne, na R ni Ruvu, alikozaliwa.

— Nyote hamjui, — alisema Redio, maana hawezi kuachwa nyuma. — Viti vya magari hayo ni vya kuruka, kama vya ndege za vita. Nimesimuliwa na askari niliyemnyoa. Ubavuni kuna mkono mdogo wa chuma. Gari likipata hatari dereva anauvuta mkono, kiti kinaruka naye, anatua salama Magogoni.

Balozi alikuwa ameushika ule mkono wa kiti chake, kama kawaida yake akifikiri. Akautazama. Akaondoa vidole kimoja kimoja, akaviweka juu ya goti.

Spana alikohoa.

— Anyway, — hilo neno Redio huliokota kwa wateja wake, — tatizo ni la Mangi. Akifunga breki pale Jangwani, binti atabaki topeni, gari litafika kanisani peke yake, padri alifungishe ndoa na bwana harusi.

Tukacheka tena, kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Ndipo tulipomwona Winifrida, mke wa Mangi, amesimama nyuma yetu, tepu ya kupimia nguo shingoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Wanawake hawakai kijiweni kwetu. Wanapita, wanatusalimu, wanatudharau, wanakwenda zao.

— Shikamoo, Balozi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asante, sikuja kunywa. Naomba msimame kidogo, wewe na Redio.

Balozi hajasimamishwa na mtu tangu uchaguzi. Lakini alisimama, na Redio akasimama. Winifrida akachuchumaa, akainama chini ya kiti cha Balozi, akapima kutoka boliti hadi boliti, upande na upande. Kisha akatoa kifuani kipande cha gazeti kilichotobolewa matundu manne kwa kipimo cha sakafu ya lile gari, akakiweka chini ya kile kiti. Matundu manne yakaangukia juu ya boliti nne. Akauvuta ule mkono wa chuma. Kiti kikateleza mbele, kikalia taratibu, kikasimama.

— Hili kochi la nani?

— La Gavana, — alisema Balozi, sauti yake imepungua.

— Gavana alilifunga sakafuni kwa boliti nne kwa nini? Alikuwa analiendesha?

Nimekaa kijiwe hiki miaka kumi na moja. Tumejibu kwa nini mvua hainyeshi, nani kafa na nini kimemuua, na kwa nini sukari imepotea. Swali hilo halikupata mtu. Sefu aliinamisha birika lake ajishughulishe na kumimina, yakatoka matone mawili, basi.

— Ngozi ilikuwa imechanika, — alisema Spana mwishoni.

— Imechanika wapi, Bakili? Nionyeshe.

Hakuonyesha. Winifrida akaweka kidole kwenye kiti cha kushoto, pale penye alama ndogo nyeusi ya sigara.

— Severine ndiye aliyeijua hii alama. Siku ile ya jino alimwona daktari akiiangusha sigara, kwa kuhangaika na mtoto. Tangu siku mlipokileta kiti hapa anaitazama. Alidhani viti vinafanana tu. Juzi alipolichukua gari na kukuta viti vya shule, akajua. Nikamwambia, nenda kawaulize wenzako. Mnajua alinijibu nini?

Akakikunja kile kipande cha gazeti, akakirudisha kifuani.

— Alisema, "Nikiwauliza, jioni nitakwenda kukaa wapi?" Mume wangu huyo. Amekubali mtoto wake apelekwe kanisani juu ya kiti cha shule, aone haya mbele ya wakwe, ili nyinyi mwendelee kukaa vizuri mkimcheka. Na miaka minne hii hakuna aliyempisha hapo hata siku moja. Ananiambia anapenda mwisho wa ubao, pana upepo.

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Redio angejua la kufanya. Mimi niliona aibu, na si aibu ya kusema tu, ile inayokupandisha joto masikioni. Kwa sababu wenzangu walidanganywa, lakini mimi ni fundi saa. Ile saa ya duara nilipoifungua siku ya kwanza nilijua ni ya gari, nilijua ni nzima, nilijua inachotaka ni betri tu. Nikaitundika hivyo hivyo, ikae kwenye saa tisa kasoro kwa miaka minne, kwa kuwa ilipendeza. Nikainuka, nikaitungua, nikamwekea Winifrida mikononi bila maelezo.

Redio akavuka barabara, akarudi na kioo chake cha duara anachowaonyeshea wateja visogo vyao, nacho alikipata kwa Spana.

Balozi alichelewa zaidi. Alisimama ameishika fimbo kwa mikono miwili, kisha akaanza kukizungusha kichwa cha ile fimbo, kikalia, kikatoka.

— Hiki nacho, — alisema. — Spana, hebu sema kweli. R ni nini?

— Ni gia ya kurudi nyuma, Balozi.

— Ya kurudi nyuma. — Akaliangalia lile tufe. — Na nimewaambia watu wangapi!

Ijumaa nzima Spana alikuwa chini ya gari akivirudisha viti, Mangi amemshikia taa. Hawakuongea, ila Mangi alimnunulia chai na maandazi mawili. Mtu huyo ndivyo alivyo, na hilo lilituumiza kuliko matusi.

Jumamosi saa nne asubuhi tukalisikia kabla hatujaliona. Radieta ya trekta haifichi siri. Lilikata kona ya Sikukuu polepole, kijani, wazi, taa moja kubwa na nyingine ndogo. Mangi kwenye usukani amevaa suti ya harusi yake mwenyewe, imembana. Kando yake Evarista, shela imefunika nusu ya ngozi nyekundu, amekaa juu ya ile alama ya sigara pasipo kuijua. Saa ilikuwa inatembea. Mangi alipotufikia akapunguza mwendo, akatuinamishia kichwa, kama anavyosalimia kila jioni, hakuzidisha wala hakupunguza. Evarista akatupungia mkono. Balozi akainua fimbo yake isiyo na kichwa.

Watu waliojaa barabarani waliwaambia wakwe kwamba hata wazee wa kijiwe cha Narung'ombe walisimama wote, wima, kumpa heshima bibi harusi, jambo ambalo hawajapata kumfanyia mtu.

Tulisimama kweli. Hatukuwa na pa kukaa: kochi lilipong'olewa, ubao wa pembeni uliokuwa umeliegemea ulianguka nalo. Jioni yake Sefu alileta ubao mwingine, tukaupigilia misumari, na Mangi alipofika Balozi akanyanyuka, akampangusia mahali pa katikati kwa kanzu yake.