Panya Watatu wa Nyambizi Namba Tisa

Mheshimiwa Meya wa Polvenna, Mheshimiwa Admirali mstaafu, Baba Mchungaji, Bi Loveday Carne, mwenyekiti wa kamati, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliofuata chakula:

Kabla ya yote, nina wajibu mzito wa kulitangazia taifa kwamba mikate ya nyama imebaki miwili. Mmoja ni wa Admirali. Wa pili ameukalia.

Tumekuja kufunua jiwe la nyambizi Namba Tisa, iliyolala chini ya maji nje ya gati hili tangu mwaka 1911, na kuniaga mimi, Hedley Nance, mtunza makumbusho yenu kwa miaka thelathini.

Ni chombo gani kingine cha kivita kilichotumika miaka minane bila kumkwaruza adui hata mmoja? Siku ya kwanza kuzamia, kilichomeka pua kwenye tope, kikakaa humo saa nne, mabaharia wakiimba tenzi za kanisani. Mwaka uliofuata kiligonga meli ya makaa ya mawe. Ya jeshi lilelile. Na kilivyonuka petroli! Ndiyo maana walibeba panya weupe watatu kwenye tundu. Panya wakilegea kwa mvuke wake, sheria ilisema, fungua mfuniko hewa iingie. Baba yangu Digory, mshika usukani, aliishika sheria hiyo kuliko Amri Kumi. Tatizo ni kwamba mabaharia waliwashindilia panya jibini, wakawa wanalala mchana kutwa, na mfuniko ukafunguliwa kila robo saa.

Basi nyambizi ikazama. Baba akaogelea hadi hapa, chepechepe. Wakamuuliza, "Digory, imekuwaje?" Akajibu, "Nilikuwa wa mwisho kutoka." Mengine mji ukajimalizia wenyewe. Miaka hamsini sasa mnainua bilauri kwa jina lake, na jiwe hili linasema alibaki peke yake akipambana na adui. Adui yupi, mwaka 1911? Hakuna aliyeuliza, tulikuwa na kiu.

Ila baba hakukanyaga tena baa iliyotundika picha yake, hadi anakufa.

Wiki iliyopita nilimwendea Bi Loveday.

"Bi mwenyekiti, baba alinieleza ukweli."

"Hedley! Jiwe limeshachongwa!"

"Lakini..."

"Lakini nini? Baba yako ni shujaa. Wewe ulitaka awe nani?"

"Baba yangu."

Akasema, "Haya, kaseme. Mimi nitakuwa nakunywa chai."

Naona kikombe anacho. Basi nasema. Alikuwa peke yake kweli, kwa sababu Namba Tisa ilikuwa ikikokotwa kwenda kukatwakatwa chuma chakavu, naye ndiye aliyeachwa ndani kuilinda. Bahari ikachafuka. Mzee, kwa mazoea, akawaza panya, hewa itawatosha? Akapanda ngazi, akafungua mfuniko, na wimbi likaingia bila kubisha hodi.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Mheshimiwa Meya, vuta kitambaa; na mwenye patasi aje mbele, tufute neno "adui" baba apate kupumzika.

Siku ile nyambizi haikuwa na petroli hata tone, na panya walikuwa wameshushwa bandarini siku moja kabla.