Taa Isiyo na Swichi

Kijiwe kiko nyuma tu ya ufuko: benchi moja, jiko la Mama Kahawa na taa kubwa juu ya nguzo. Taa ni kazi ya Fundi, na kila akikaa hapo huinua macho kuitazama kama mzazi anayejivunia mwanawe. Asubuhi hiyo hakuangalia juu. Vitoto vya kasa, vidogo kuliko kiganja, vilikuwa vimekauka chini ya benchi na kuizunguka nguzo, hadi barabarani, ambako magari yalivipondaponda. Fundi alipokea kikombe akasahau kunywa. Tangu azaliwe alikuwa hajaona kitu kama kile.

— Bahari imewafukuza, alisema Profesa, kinyozi asiyekosa jibu. Kuna kitu kimelipuka huko chini.

— Mbona samaki hawajafukuzwa? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Samaki wana mbio. Hawa ni wa taratibu, na mwenda pole hajikwai.

— Hawakujikwaa, Profesa. Wamekanyagwa.

Breki akaleta yake: kijiwe kimelogwa, kuna mtu kafukia kitu chini ya benchi. Profesa akapandisha dau, akasema hao walitumwa na mizimu ya baharini kuja kushtaki.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Amepona nani hapa? aliuliza Mama Kahawa, machozi yakimlengalenga.

Hapo akatokea mwanamke wasiyemjua, kavaa buti za mpira, anaokota walio hai na kuwatia ndooni. Aliwaeleza kwamba vitoto vya kasa vikitoka mchangani hufuata mwanga, vikidhani ndiko baharini. Kiota kingine mchanga wake umeshaanza kutitia. Ni dalili kwamba vitoto vyake vitatoka usiku wa leo.

— Naomba kuuliza tu, jamani. Swichi ya taa hii iko wapi?

Profesa akamtazama Breki. Breki akamtazama Fundi. Zamani kila aliyekaribia kufungwa drafti hapo kijiweni alikuwa akiizima taa, ngumi zikafuata. Kijiwe kizima kikamsihi Fundi aing'oe swichi. Akaing'oa, akaunganisha nyaya, akaziba tundu kwa saruji, wakampigia makofi.

Mwanamke alikuwa bado anasubiri jibu, ndoo mkononi. Fundi akainua macho kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Jua lilikuwa limeshapanda, na taa yake ilikuwa inawaka.