Kapteni Taratibu na Honi ya Ndege Kuukuu

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani aliitwa Kapteni Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi wa reli na mama mshonaji, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya treni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Mwalimu wake wa hesabu alilalamika kwamba mtoto huyu humaliza wa mwisho. Mwalimu alipoanza kusahihisha na kukuta majibu yote ni sahihi, malalamiko yakaisha. Alihitimu sekondari mwaka 1980, na mwaka 1985 akapata leseni ya urubani.

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Mtu huyu aliyezoea kupita juu ya mawingu aliogopa ngazi ya mbao. Taa ikiungua, mkewe ndiye aliyepanda, naye akaishikilia ngazi kwa mikono miwili.

"Shika vizuri, Kapteni," mkewe alimtania. "Leo abiria wako ni mmoja tu, na anakujua."

Shirika la ndege lilimwajiri mwaka 1986, na mwaka 1997 akawa kapteni wa ndege ambazo michoro yake ilichorwa kabla yeye hajaanza shule. Viti vilibadilishwa na rangi ikapakwa upya, lakini chumba cha marubani kilibaki kilekile. Humo honi moja ilibeba habari mbili: ardhini, kwamba ndege haijawekwa sawa kwa kuruka, angani, kwamba hewa ya ndani inapungua. Mwezi Februari 2009 ililia ndege ikiwa bado inapanda. Rubani msaidizi, kijana hodari, akidhani ni lile onyo la ardhini, akaanza kukagua mipangilio ya mabawa.

"Kapteni, honi hii imechanganyikiwa!"

"Vaa barakoa ya hewa kwanza, mwanangu. Tutaigombeza tukifika chini."

Walishuka salama. Shirika likabandika karatasi ya onyo juu ya dashibodi, na ndege ikarudi kazini wiki hiyohiyo.

Mwaka uliofuata zililetwa ndege mpya, ambazo hueleza kila hitilafu kwa maandishi. Kuhamia huko kulimaanisha kuanzia mkiani: kiti cha msaidizi, mshahara pungufu, na safari za kulala nje. Kwenye zile kuukuu alikuwa mkongwe, akichagua ratiba kabla ya wenzake, na jioni alikula na wanawe. Katika chumba cha mapumziko, marubani walichokozana.

"Hamia, bwana! Kipya kinyemi."

"Mbona unaikatia methali njiani?" mwingine akadakia. "Kinyemi ingawa kidonda. Na kidonda chenyewe ni mshahara."

Wote walicheka. Yeye pia alicheka, akabaki kwenye ndege kuukuu. Kila msaidizi aliyepangwa naye alifundishwa maana ya honi ile kabla ya kuruka, na marehemu akajipa moyo kwamba hilo lilitosha.

"Na siku usiyokuwepo wewe?" mkewe alimuuliza.

Alikoroga chai mpaka ikapoa.

Alistaafu mwaka 2021. Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na mkewe akamuuguza kwa mikono iliyouguza wengi. Wakati huo binti yao mkubwa, ambaye naye ni rubani na mama wa mtoto mchanga, aliahidiwa na shirika lilelile ukapteni wa mapema kwenye ndege zilezile kuukuu, kwa mshahara mnono na ratiba ya kulala nyumbani. Marehemu alimwomba akatae.

"Baba, si ndizo zilizonisomesha?"

"Ndizo, mama. Ndiyo maana sikuweza kuziacha. Nilichagua kulala nyumbani kwangu. Abiria hawakuulizwa."

Binti aliomba muda wa kufikiri. Marehemu aliagiza maneno hayo yasomwe leo mbele ya marubani wenzake, bila kupunguzwa. Alifariki tarehe 9 Septemba 2023 hospitalini, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, dada wawili, kaka mmoja, binti mdogo ambaye ni mwalimu, mjukuu mmoja, na binti mkubwa, ambaye Jumatatu atalijibu shirika na bado hajatuambia atajibu nini.

Zamu yako imekwisha, Kapteni. Mungu akupumzishe kwa amani.