Mama Shida Ramazani na benchi lililohamia mlango wa nyuma

Baada ya miaka thelathini ya kuwapokea wakaaji wa komine yetu, yaani manispaa, Mama Shida Ramazani anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Siku hiyo nchi nzima itakuwa ikisherehekea uhuru, naye ataupata wa kwake. Tulipomuuliza kama aliichagua tarehe hiyo kwa makusudi, alisema iliyochagua ni serikali, na kwamba hii ndiyo mara ya kwanza wao wawili kukubaliana.

Kwa wageni wa sherehe hii ya kumuaga, tuanze na jina, maana limetutesa. Mama Shida alizaliwa Kasongo, katika familia ya wasafirishaji, siku ambayo lori la baba yake lilizama matopeni na mkunga akalazimika kumalizia safari kwa miguu. Mzee akamtazama mtoto, akatazama lori, jina likapatikana. Msichana alipokua alikuja Kolwezi na shangazi yake aliyeuza vitenge, akaolewa na Tata Akram wa vipuri vya pikipiki, akaingia komine kama mpiga taipu. Taipu ilipokufa, naye akiwa mzima bado, alihamishiwa mapokezi.

Tangu hapo, mtu akipiga simu na kumwulizia mama wa mapokezi, hujibiwa kwamba Shida ameenda kula. Bugumesta mmoja mpya, yaani mkuu wa komine, asubuhi yake ya kwanza kazini, alimwuliza mlinzi wa lango komine ina shida ngapi. Mlinzi akasimama wima, akajibu, "Iko moja tu, tata. Njo ile inakaa ku mapokezi." Mkuu wetu alikaa wiki nzima akiamini ametumwa katika komine bora kuliko zote za jimbo la Lualaba.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi hatukuwa na madiwani wa kuchaguliwa. Mtu mwenye jambo alimweleza Mama Shida, Mama Shida akalipeleka juu, na juu kulikuwa mbali. Alichoweza kutoa hapo hapo alikitoa: kiti kwa mjamzito, maji ya kunywa kwa aliyetoka mbali, na ukweli kwa aliyeambiwa arudi kesho. "Kesho mkubwa hatakuwa hapa," alikuwa akinong'ona. "Kuya siku ya nne," yaani njoo Alhamisi. Alijifunza Kilunda cha kutosha kusuluhisha ugomvi wa foleni, na Kiluba cha kutosha kuuanzisha upya kwa bahati mbaya, siku aliyochanganya neno la "baba mkwe" na lingine ambalo hatutalichapa humu.

Kisha wakachaguliwa madiwani, ambao huku tunawaita makonseye. Mama Shida alifurahi kuliko walioshinda. Alipanga benchi refu mbele ya jengo, akalifuta mwenyewe, akawaambia wakaaji, "Sasa muko na mutu wenu. Mumuulize yeye."

Wakaja kumwuliza. Wa kwanza kuja kwa wingi walikuwa akina mama wa kartie, yaani mtaa, wa Katete, wakiongozwa na Mama Mushiya, muuza maharage mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Habari ilikuwa imewafikia kwamba Ijumaa baraza litapiga kura kuliondoa bomba lao la maji na kulihamishia soko jipya. Bomba likiondoka, wangebaki na kijito tu, kile ambacho vijana wachimbaji huoshea mawe yao ya kobalti. Tayari lilikuwa limeharibika kwa muda, na watoto waliooga maji ya kijito walikuwa wakijikuna usiku kucha. Konseye wao, Stéphane Ngeleka, aliwaahidi maji wakati wa kampeni, tena akicheza ngoma juu ya gari.

Jumatatu walikaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Konseye hakutoka. Jumanne vilevile. Mama Shida alikwenda kuona, akakuta ofisi ni tupu na feni bado inazunguka. Alipouliza jikoni, mpishi alitazama sufuria yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Ndipo tulipojua kwamba mlango wa nyuma, uliotumika kutolea majivu, siku hizo ulikuwa unamtoa na mheshimiwa.

Jumatano asubuhi Mama Shida alitoka mbele ya jengo. Alishika upande mmoja wa benchi, akaniita mimi wa meza ya pili nishike upande mwingine, tukazunguka nalo jengo zima hadi uani. Akina mama wakatufuata, wakakaa, wakakunja mikono.

Adhuhuri mlango ukafunguka. Konseye Ngeleka alitoka kinyumenyume, akiwachunga watu wa ndani wasimwone, akiwa na hindi la kuchemsha mdomoni. Alipogeuka alikuta nyuso kumi na kitu zinamtazama. Hindi lilimzuia hata kusema kwamba hayupo.

"Karibu, tata konseye," Mama Shida akamwambia kwa upole. "Bantu yako beko hapa."

Mama Mushiya hakupaza sauti siku hiyo, na hilo lilitutisha zaidi. "Tata, unatukimbia juu ya nini? Tulikufanya nini?"

Ngeleka alilitoa hindi, akaliangalia, akakosa pa kuliweka. Mama Shida akampokea. Kisha konseye akakaa ukingoni mwa benchi, mtu mzima yule, akasema polepole, "Mama, minakimbia sababu siko na jibu. Nilisema maji itakuya. Haikukuya. Sasa banataka kuondosha na ile kidogo, na mi niko peke yangu mule ndani."

Hakuna aliyetarajia hivyo. Mama mmoja alimpa maji ya kunywa, jambo ambalo lilimtoa machozi au jasho, hatukuelewa vizuri.

"Basi kuya uone," Mama Mushiya akasema. "Siku ya kura utasema tu bile uliona."

Akaenda nao hadi kijitoni, kwa miguu, na suruali yake nzuri.

Alhamisi karatasi ya bugumesta ilimfikia Mama Shida: ombi la maelezo. Nani alimruhusu kuhamisha mali ya komine na kumvizia mteule wa wananchi? Tuliwajua waliofukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo, naye alibakiza muda mfupi tu kufikia pensheni. Mimi mwenyewe nilimwomba aandike samahani ndefu. Aliiweka karatasi mezani, akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akaandika mstari mmoja: "Mbele kulikuwa na jua kali, nikawapeleka wakaaji kivulini."

Bugumesta aliusoma, akatoka kusimama mbele ya jengo. Jua lilikuwa linawaka kweli. Akarudi ndani akitafuta leso.

Ijumaa Ngeleka alisimama barazani bila hotuba. "Mi nilienda kule," alisema. "Ile maji bamama banachota, mi nilikatala hata kunawia mikono. Na njo mimi nilibaahidi." Wenzake watatu wakataka nao kwenda kuona. Kura iliahirishwa, na waliporudi kutoka Katete hakuna aliyeomba ipigwe tena. Bomba likatengenezwa palepale lilipokuwa. Wiki iliyofuata bugumesta alijibu maelezo ya Mama Shida kwa kununua benchi la pili, la uani.

Siku hizi kila Alhamisi makonseye wanakaa kivulini na wakaaji, na Ngeleka hufika mapema. Hatutasema kila jambo limekwisha. Soko jipya bado linasubiri bomba lake, na wauza samaki wa huko wameshaanza kuja kukaa kwenye benchi.

Mama Shida, umetufundisha kazi hii kwa kicheko na kwa subira. Umetupikia pilau kila Idi, ukatuvumilia kila Krismasi, na hakuna mkaaji aliyeondoka mezani kwako akidhani ni msumbufu. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante.

Tunasikia kwamba wewe na Tata Akram mnahamia Kasaji, kufungua duka la vipuri na kulima karanga. Mungu awape afya, mvua kwa wakati wake na wateja wanaolipa. Mkaishi vyema, mkazeeke polepole. Na kwa wateule wa Kasaji tunatuma salamu za heshima: mama huyu anakuja kwenu kama mkaaji wa kawaida, na mitaro ya barabara ya duka lake ameshaiulizia.

Jémima Muamba, mapokezi, meza ya pili