Marehemu na Gwiji Wake

Mzee wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Mei 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake aliapa maisha yake yote kwamba mtoto huyu alitoka amekunja uso, kama mtu aliyekuta mwenzake kakalia kiti chake.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1958, ng'ambo ya reli. Darasa la tano aliandika insha juu ya mjomba mwenye gari jekundu. Mjomba hakuwepo, gari ndio kabisa. Insha ilimpendeza mwalimu mno, na kuanzia siku hiyo, kila walipokutana njiani, mwalimu aliuliza: "Mjomba hajambo?" Hakuuliza hata mara moja kama mpwa naye hajambo. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alimaliza sekondari mwaka 1970, wa pili darasani, na yule wa kwanza, marehemu hakumsalimia tena mpaka mwaka 1988.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji wa prufu, zile karatasi za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Kazi ile hufanywa na watu wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti, hadi mkato na nukta, mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi. Kwa miaka thelathini na mitano marehemu alisahihisha vitabu vya watu. Akikuta sentensi tamu aliguna, akaikagua mara tatu akitafuta kosa, na akilikosa siku yake imeharibika.

Aliyekuwa akimsomea kwa sauti kuanzia mwaka 1976 ni binti mmoja mkavu wa maneno, ambaye leo ndiye mjane wetu. Marehemu, kwa kukosa ujasiri, aliandika ombi lake na kulichomeka katikati ya mswada wa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Alidhani binti ataliona na kulisoma kimoyomoyo. Lakini mazoea yana tabu. Binti alilisoma kama alivyosoma nyuki, mbele ya chumba kizima: "Naomba tuoane mkato nimechoka kukusikia saa za kazi tu nukta unasemaje alama ya kuuliza."

Mashine zikazimwa. Msimamizi akasema, "Haya dada, jibu, kazi inasubiri."

"Karatasi hii ina makosa matatu," binti akajibu. "Kesho alete safi."

Alileta safi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 1984 marehemu alitoa riwaya yake ya kwanza, juu ya mwandishi wa kubuni aitwaye Gwiji: mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kutoa nyoka pangoni. Kitabu kilipendwa, akaongeza cha pili, hata vikafika sita. Katika cha tatu Gwiji alipata tuzo. Katika cha nne alijenga nyumba yenye chumba cha vitabu. Muumba wake alikuwa bado anaenda kazini na baiskeli isiyo na breki. Wivu ulianza hapo, na haukupiga hodi. Barua zilikuja kwa Gwiji. Shule moja ilimwalika marehemu, naye akasikia kwa masikio yake mwalimu mkuu akiwaambia wanafunzi, "Gwiji hakuweza kufika, ila huyu anamfahamu." Msomaji mmoja alifuma sweta kwa vipimo vya Gwiji vilivyo kitabuni. Marehemu alilivaa kwa hasira, mikono ikameza vidole.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "la mwenzio hilo. Lirudishe kabla hajalihitaji."

Mkewe naye alikuwa na wivu wake. Kitabu cha tano kilipomwoza Gwiji mwanamke anukiaye manukato hadi mlangoni, mjane wetu aliweka mswada chini. "Nimekusomea miaka ishirini. Humu ndani sijaona hata kidole changu kimoja. Huyu umemtoa wapi?"

"Wa kubuni, mama."

"Na manukato? Pua yako ndiyo iliyobuni?"

Siku tatu walisalimiana kwa kupitia watoto.

Alistaafu mwaka 2006 akiwa na nia moja tu: kumwua Gwiji. Kitabu cha saba alikiandika taratibu kama mtu anayenoa kisu. Sura ya mwisho Gwiji alianguka toka kwenye ngazi ya chumba chake cha vitabu, akafa na slipa moja mguuni. Marehemu aliisoma sura hiyo mezani, mbele ya familia, akicheka peke yake.

Moyo ulianza kumsumbua Juni 2019. Agosti 2021 alilazwa, wodi ya tatu, kitanda cha dirishani. Asubuhi moja alimwona nesi kaegemea meza, machozi yanamtiririka na huku anacheka. Mkononi alikuwa na kitabu cha sita.

"Binti, niletee maji."

"Babu, dakika moja tu, nimefika pazuri."

Akangoja. Kisha akauliza, "Je, huyo Gwiji akifa?"

"Weee! Akifa siji kazini wiki nzima."

"Na mimi nikifa?"

"Wewe hufi, babu. Wewe kazi yako kunisumbua."

Jioni mkewe alipofika, aliagizwa alete sura ya mwisho ya kitabu cha saba, ambacho kilikuwa bado hakijachapwa, na kalamu nyekundu. Alimsomea kitandani kama zamani, mkato na nukta, hadi kwenye ile ngazi. Marehemu akafuta ukurasa mzima, mstari kwa mstari.

"Umemsamehe?" mkewe akauliza.

"Nimsamehe kwa lipi? Daktari kanipa wiki mbili. Nikimwua sasa, watamlilia yeye, na mimi nitazikwa na watu sita. Mwache aishi. Msiba huu wangu."

Mkewe alicheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha. Kisha akamshika mkono, hakuuachia hadi muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Septemba 2021, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake wa mwisho, na shemeji asiyekubali hadi leo kwamba Gwiji si yeye. Nesi wa wodi ya tatu yupo nasi, safu ya nyuma, kaomba ruhusa kazini.

Gwiji yu hai, mzima wa afya, na hana anayemlilia. Machozi yote ya leo ni ya mzee wetu peke yake. Alale nayo kwa amani.