Neno Lililoisubiri Barafu

Helka wangu anakuwa daktari wa lugha! Haya, nimeshalitoa, sasa nisalimie.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mchungaji wetu, akina mama mliooka mikate ya leo, ndugu zangu mliokuja kufungua ukumbi huu wenye paa jipya, salamu kwenu.

Mimi Sirkka shule niliiacha mapema, na ng'ombe wangu hawajawahi kulalamika. Lakini leo nina hasira. Juzi dukani, kwenye friji la maziwa, Urho Kemppainen aliniuliza watu wakisikia: "Sirkka we, miaka minane binti yako anachimba umbo moja la kitenzi? Si angejifunza kukamua?" Watu wakacheka. Akaongeza kwamba umbo lenyewe limekufa, hapa kijijini halisemi mtu.

Halisemi mtu, Urho? Nani alilisema jikoni kwangu, Machi ile kaka yako Eero alipokwenda kuvua kwenye barafu ya ziwa, ukungu ukammeza? Mama yenu alikuuliza kama mwanawe atarudi. Ungesema anakuja, ungemdanganya. Ungesema haji, ungemuua pale pale kitini. Ukasema neno moja: "Tullee." Yaani huenda akaja: safari, shaka na tumaini, vyote tumboni mwa kitenzi kimoja. Kisha ukatoka ukawasha sauna, ukaichochea kuni siku mbili mfululizo, aikute ya moto. Helka, mtoto wa miaka sita, alikuwa chini ya meza anasikia. Hicho ndicho alichokichimba miaka yote. Na Eero yule pale, anatafuna mkate wa tatu.

Leo mnaniambia chuo kikuu cha Oulu, atakakoutetea utafiti wake hadharani, ni mbali, nani akasikilize vitenzi? Mwanangu ahojiwe na profesa mgeni saa mbili nzima mbele ya viti vitupu, ilhali kurasa zake zimejaa maneno ya vinywa vyenu? Desturi yetu mnaijua: mwishoni mwa mahojiano hayo, yeyote ukumbini mwenye la kupinga husimama akalisema. Basi Urho, la dukani kalisemee huko, umevaa koti lako la kanisani.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Kahawa nitapika mimi. Ila "huenda" ya mtu siipokei: Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, saa sita mchana, kijiji kizima.